Mafuvu Kumi na Moja ya Mbololo

Siku yangu ya kwanza kazini Voi, nilimuuliza mkubwa wangu kwa nini serikali inalipa watu kuhesabu vitu vya wafu ilhali walio hai hawana maji. Ilikuwa miaka ya hamsini, nimetoka chuo kikuu juzi tu, na hakuna jambo nililolipokea bila kulipinga. Msimamizi wa Mambo ya Kale, Mwairishi aliyechomwa na jua shingoni, alicheka.

"Swali zuri. Lakini kabla hujagusa kitu, chora mahali kilipo."

Huo ndio mchoro wa mahali: karatasi ya mirabaraba inayoonyesha kila kitu kimelalaje na jirani yake ni nini. Niliona ni kuchosha penseli bure.

Wakati wa chakula alinisimulia kijiji chao cha pwani huko Ulaya: nyumba chache, bahari ya kijivu, kanisa lililopoteza paa. Makaburi ya wavuvi yalikuwa mawe bapa yasiyo na maandishi. Nyanya yake alihesabu hatua kutoka langoni: huyu baba, huyu shangazi.

"Na akisahau?" nikamuuliza.

"Basi wamekufa mara ya pili."

Niliyachukua kuwa maneno ya mtu aliyekumbuka kwao.

Mwezi uliofuata alikwenda Kishushe, akanituma Mbololo peke yangu. Sisi Wataita zamani tulizika mtu, kisha baada ya muda tukafukua kichwa na kukiweka katika pango la ukoo. Wengi walikuwa wameshabatizwa. Pango la Mbololo lilibaki na mtunzaji mmoja tu, Mzee Mwakio.

"Tazama, mwanangu," aliniambia. "Andika ukitaka."

Niliyatoa mafuvu yote kumi na moja kwenye mwanga, nikayapangusa, nikayapima, nikaandika namba kwa wino kisogoni. Nikayarudisha kwa ukubwa, dogo hadi kubwa. Nilijisifu kwa unadhifu.

Kesho yake asubuhi Mzee alikuja na kibuyu cha pombe ya miwa. Akasimama mlangoni.

"Nani amewahamisha?"

"Ni mimi, Mzee. Sasa kila mmoja ana namba."

"Baba yangu ni namba ngapi?"

Nilifungua daftari. Urefu, upana, meno. Nikafunua ukurasa mwingine, vipimo vile vile. Nikalifunga.

"Wewe, Mzee, ulikuwa ukimjuaje?"

"Alikuwa wa nne kutoka mlangoni, kando ya baba yake. Nafasi ya tano iliachwa wazi, ni yangu."

Aliwashika mmoja mmoja kwa mikono miwili, akiwageuza kwenye mwanga. Alipomrudisha wa mwisho alisema, "Bila nyama simjui, kijana. Nilimjua kwa mahali."

Mkubwa aliporudi nilimpeleka pangoni kwa Mzee, nikamweleza, nikangoja matusi. Alikaa juu ya jiwe, damu imemwisha usoni.

"Mchoro uko wapi?"

"Sikuchora, Bwana."

"Kwetu mawimbi yamepiga yale makaburi miaka na miaka," alisema polepole, "na hayajafanya hivi."

Akavua kofia, akamwomba Mzee radhi.

"Wewe hukuwepo," Mzee akamjibu. "Aliyekuwepo ni huyu wetu."

Baadaye nilihamishiwa Lamu, kisha Kisumu, kisha Nairobi, chini ya wakubwa waliopenda mihuri na wengine waliopenda chai. Nilistaafu na kabati zima la michoro. Vijana wa kazi hii, bado nawaambia muulize kila kitu, ila muwaulize kwanza wenye vitu. Mimi niliuliza vitabu, nikamwacha Mzee amesimama palepale.

Mwaka mmoja baada ya siku ile ya pangoni, Mzee Mwakio alikwenda kuomba ubatizo. Mchungaji alifurahi, akadhani mahubiri yamemwingia. Nilipomtembelea nilimuuliza sababu.

"Pale pangoni nitalala kando ya nani?"

Kaburi lake liko kanisani, bondeni. Jina limeandikwa kwenye saruji kwa herufi kubwa. Upande wa kulia amelala fundi wa reli kutoka magharibi, mtu ambaye hawakuwahi kuonana naye.