Nnango na Mlango

Jumapili, mwezi wa kumi, Newala. Joto tangu asubuhi. Mawingu yalitokea upande wa Ruvuma, yakatupita juu bila kudondosha kitu.

Mwanangu Zuhura, jana ulinitumia kwa simu ile programu yako itakayofungua maji ya Chiwata kuanzia kesho. Ukasema, "Mama mkubwa, isome, wewe ndiye uliyenionyesha C, lugha hii ya programu, mara ya kwanza." Nimeisoma. Sijui kama ninafaa kukushauri. Nimeishia kidato cha nne, na C yenyewe niliipata kwa kuchungulia begani kwa mtu. Lakini kuna mstari mmoja umeninyima usingizi, na nisipouandika hapa nitauona tena leo.

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa binti, nafagia na kupokea simu kwenye nyumba ya mitambo ya maji. Fundi wetu aliitwa Method, alitoka mikoa ya mbali. Ndiye aliyeandika programu ya kufungulia maji. Ukitaka kijiji kipate maji uliandika amri moja, yenye alama ya -g, na baada yake masharti madogo yaliyoshikana kwa mkato bila nafasi: kijiji=makote,mlango=3,saa=2. Mlango ndio koki kubwa ya kijiji. Ndani ya programu, getsubopt, zana ya C ya kuchambua masharti, iliukata ule mstari kila penye mkato, ikalinganisha kila kipande na maneno ambayo Method aliipa, ikaiambia programu hiki ni neno la ngapi.

Haya unayajua kunizidi. Ninachotaka ukikumbuke ni kimoja. Ikikutana na neno isilolijua, getsubopt hailitupi. Inakurudishia hasi moja, na neno lenyewe inakukabidhi zima mkononi. Anayelitupa ni wewe.

Method alilitupa. Pale penye hasi moja aliandika programu iendelee tu. Niseme haki, hakuwa mvivu. Alikuwa na hamu watu wapate maji, na kila alipojaribu ilikubali, kwa sababu aliyekuwa anaandika amri ni yeye mwenyewe.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Baba Asha, mtu wa Makote. Akaandika kama sisi sote tunavyosema huku: nnango=3. Programu ikaliona nnango, ikalipita. Mlango ukabaki kama ulivyokuwa, yaani umefungwa. Kwenye kioo ikaandika: Tayari. Pampu ikanguruma, sisi tukanywa chai.

Siku zikapita. Makote walidhani zamu yao haijafika. Sisi tulidhani wanaoga. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akiishi kule peke yake. Alisubiri bombani hadi akachoka, akachukua ndoo akashuka bondeni kwenye kisima cha zamani, njia aliyokuwa ameiacha tangu bomba lifike. Wakati wa kupanda aliteleza. Walimpandisha juu kwenye kitanda cha kamba, nyonga imevunjika.

Method alipokagua akaliona neno. Akasema, "Lakini Baba Asha, si imeandikwa pale ukutani? Mlango."

"Nimeandika nnango."

"Ndiyo, sasa nnango ni nini?"

"Kwani wewe kwenu mnaingilia dirishani?"

Nilicheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo, maana bibi alikuwa bado hospitalini.

Aliporudishwa nyumbani tulikwenda sote watatu. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, amelala chali, anatazama paa.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "umekuja na mabwana wawili na hakuna aliyebeba maji."

Method akaeleza. Alieleza vizuri, hakujificha, hakumsukumia Baba Asha. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hiyo mashine iliambiwa neno isilolijua."

"Ndiyo, bibi."

"Ikauliza?"

"Hapana."

"Ikasemaje?"

Method akainama. "Ilisema tayari."

Bibi alianza kucheka, nyonga ikamkamata, akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Mimi nikimtuma mtoto dukani kitu asichokijua, atageuka mlangoni aniulize, bibi, umesema nini? Ninyi mmetengeneza kitu kinachoona haya kuuliza. Mngeniambia maji hayapo, ningelala na kiu yangu nyumbani. Mmenyamaza, nikashuka."

Hakusimama tena. Msimu wa korosho uliofuata tulimzika. Sijui, pengine jiwe lile lingemtelezesha tu mwaka mwingine. Alikuwa mtu mzima, na macho yalikuwa yamepungua. Sitaki kuubebesha mstari mmoja kifo kizima. Ila nimejaribu miaka yote hii kuutoa kwenye hesabu, na hautoki.

Na sasa nimeukuta kwako, Zuhura. Mahali palepale, umeandika iendelee.

Adhuhuri nilikupigia. Ukasema, "Mama mkubwa, hilo nitaliweka toleo lijalo. Kesho wakubwa wanakuja kuona maji yakitoka."

Nikakuuliza, na anayeandika amri kesho ni nani?

"Ni kijana wa hapahapa Chiwata."

Kijana wa Chiwata, naye atasema nnango. Nikakuaga.

Basi nakuandikia, ingawa naona kama namwagia mchanga maji. Mwanangu, getsubopt ikikurudishia hasi moja, usiendelee. Lichapishe neno kama lilivyoandikwa, sema silijui, simamisha kila kitu, usifungue wala usiseme tayari. Kabla ya kuukata mstari tunza nakala yake, kwa sababu pale penye mkato inaweka sifuri ya kumaliza neno, na ukitaka kumwonyesha mtu alichoandika utakuta kimeshakatwa vipande. Na kama huoni aibu, liweke nnango kwenye orodha yako kando ya mlango. Ni watu wetu wale, ndivyo wanavyosema.

Mungu akupe sikio la kusikia usichokijua, na ulimi wa kukiri hukijui. Akupe kesho njema kuliko ninavyoitarajia. Maji yafike Chiwata, na yasipofika, mtu aambiwe kabla hajachukua ndoo.

Nimekutumia haya yote saa kumi na moja. Hujajibu. Huenda uko njiani, sitaki kukudhania vibaya.

Jioni tumechemsha ming'oko, viazi vyetu vya porini, tukala kwa chumvi. Maji ya kupikia yalitosha; ya kunawa tumegawana bakuli moja.