Meza ya Karibu na Moto

Mtu anayetangaza redioni mahali pazuri pa kula katika kaunti yetu ya Leitrim amenificha kwa makusudi, na mimi ndiye ninayemlisha. Kila Alhamisi huja mgahawani kwangu, hupangusa miwani kwa ncha ya tai, kisha hukaa meza ya karibu na moto. Nikitaka kumwongezea boksti, chapati zangu za viazi, hukataa mara mbili kama mtu aliyelelewa vizuri: "Hapana, Attracta, nimeshiba, kweli." Wakati huohuo mkono unasogeza sahani. Mara ya tatu hukubali kwa kushusha pumzi, kana kwamba ananihurumia. Vidole vyake laini hufuta hata siagi iliyobaki kwenye kisu. Ijumaa, kwa sauti ileile aliyoniombea chai, huwapeleka watu kwenye hoteli ya mtoni, ambako boksti hutoka kwenye friza.

Juzi, meza nyingine zote zikiwa tupu, nilimuuliza kwa nini hanitaji. Hakuona haya.

"Bibie, nikikutaja patajaa. Mimi nitakaa wapi?"

"Na nikifunga, utakaa wapi?"

"Usinitishe, dada yangu."

"Haya, nikuongezee?"

"Hapana, nimeshiba."

Nikamwamini mara ya kwanza, nikaondoa sahani. Alibaki na uma mkononi, mdomo wazi. Bado ninamdai: ataje jina langu na barabara yangu redioni, kabla msimu wa baridi haujanifungisha mlango.