Mali ya Yaya Iliyowekwa Benki

Baba yangu aliipenda benki ya Kasongo kuliko alivyotupenda sisi, na nasema hivyo bila haya. Ilikuwa na dirisha moja tu na karani mmoja, mtu wa kwetu Lusangi, mwenye tai shingoni hata jua likiwaka. Dada yangu mkubwa, Yaya, alipoolewa kijiji cha Wamaza, wazee wengine walikuwa wakipokea mali ya ndoa kwa mbuzi, na mbuzi hao hawaguswi: binti akiteswa, wanarudishwa kwa mume, na binti anabaki kwao. Baba akadai franga tupu, akazipeleka Kasongo.

"Mbuzi inakufa," alituambia. "Benki haifi."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, nasi hatukujua. Siku moja Yaya akatujia kwa miguu, jicho limefumba, mkono umevimba. Mume akamfuata na wajomba zake, wakakaa uani. Mali kwanza, walisema, ndipo muke abaki.

"Mungoje hapa," Baba akawajibu, karibu anacheka. Tukaenda Kasongo, mimi na yeye.

Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao. Karani alikuwa akipakia meza kwenye lori. Akamsalimu Baba kwa heshima, kisha akamweleza kwamba pamba haina bei, dhahabu ya machimbo ya Salamabila haipiti kwao, vijana wanahamia Bukavu, na kila mutu anatoa, hakuna anayeweka.

"Wakubwa wameangalia mbele, Mzee, wakaona hapa hakuna tena kazi ya benki. Mali yako haikupotea. Iko Bukavu. Itakuja."

"Mutoto wangu iko nyumbani leo," Baba akasema.

Karani akarudi kwenye lori lake. Jamani, nilitamani kumpiga yule mtu, na kosa halikuwa lake!

Tuliporudi, Baba alizunguka kijiji kizima akiomba mbuzi. Walimhurumia, lakini kila mbuzi alikuwa wa binti fulani aliyeolewa mbali. Nani angemtoa? Jioni Yaya akajifunga kitenge chake, akasema, "Baba, usilie mbele yao," akawafuata.

Alikufa kabla mvua hazijaisha. Mali ilikuwa haijarudi, basi alikuwa bado mke wao, wakamzika Wamaza. Tuliomba mwili, wakatunyima.

Halafu franga zikafika, kamili, na faida juu. Baba akanipa nizihesabu. Nilizimwaga uani nikalia kwa sauti, na Baba hakunikataza.