Mstari wa Imogene

Wendell Stamps hamwamini mtu. Miaka thelathini tumepiga pamoja kwenye studio hapa Nashville, mimi na besi, yeye na gitaa lake la kulaza, lile la nyimbo za kantri linalolia ukitelezesha chuma juu ya nyuzi, na mpaka leo akienda chooni hubeba kikombe chake cha kahawa. Kuna mtu alimwibia wimbo zamani, basi ikawa nongwa ya maisha.

Na wimbo anaoulinda kuliko roho yake ni ule ambao hajaumaliza. Ana mstari mmoja tu. Kila alipokwenda ziara, mkewe Imogene alimwambia mlangoni, "Usiniletee maua, niletee uchovu wako." Imogene amekufa mwaka wa kumi na moja huu, na Wendell bado anautafutia mstari wa pili. Aliniambia mimi peke yangu.

Sasa wakaja vijana wanne wa pop kutoka Los Angeles, kofia mpya, buti hazijakanyaga hata tope, eti wanataka wimbo mmoja wa kantri. Wendell akaninong'oneza, "Hawa wamekuja kuchota. Chunga mdomo wako, Delbert."

"Mimi? Niongee nini na watoto hawa?"

Jumanne wakakwama. Walikuwa wamejifungia chumbani kuandika tangu asubuhi, ndipo Tamsin, mwimbaji wao, akatoa kichwa nje. "Anko Delbert, hebu njoo utuchangamshe. Tuna mbwa na lori tu kwenye mashairi mpaka sasa." Nikaingia. Kulikuwa na kuku wa pilipili, wananitania, nawatania, na mimi nikipata wasikilizaji huwa sijijui. Nilipotoka, Wendell alinikagua kutoka buti mpaka kofia.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Upuuzi tu."

"Saa nzima?"

Alhamisi tukakusanyika kurekodi. Sisi hapa hatusomi noti. Tunagawiwa karatasi yenye namba zinazotuonyesha sauti za kupiga, tunausikiliza wimbo mara moja, tunapiga. Tamsin akafungulia ule waliojirekodia kwenye simu. Ulikuwa wa polepole, wa majonzi. Ukafika kiitikio: usiniletee maua, niletee uchovu wako.

Penseli ya Wendell ikasimama. "Nani kawapa maneno hayo?" akauliza kwa sauti ya chini. Akawatazama wale vijana mmoja mmoja. Mimi nikajifanya nakaza nyuzi, na nakiri, niliomba Mungu Wendell awashuku wao.

Lakini mji huu una desturi yake: aliyekuwemo chumbani wimbo ukiandikwa, jina lake huwekwa pamoja na majina ya waandishi, hata kama alikuja kula tu. Na majina hayo hukaa juu ya karatasi ya namba. Wendell akavaa miwani. Yalikuwa matano, la mwisho langu.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilitaka anitukane, anirushie kile chuma chake. Hakufanya hivyo. Aliupiga wimbo mwanzo mpaka mwisho, mara moja tu, vizuri hata Tamsin akafuta machozi, kisha akaanza kufungasha gitaa.

"Delbert," akasema bila kuniangalia, "uliwaambia kwamba Imogene alikuwa akisema vile huku anacheka?"

Sikuwaambia.