Tulipopimiwa Wawili Kwenye Trela la Chipsi

Trela langu la chipsi hapa Soweto, Mbeya, ni dogo, na kwa baridi hii mtoto namweka wapi, namfunga mgongoni. Kila nikigeuka namshika miguu, naogopa itagusa karai la mafuta. Nikamwita fundi aongeze rafu na meza ya kukunja.

"Simama hapo nipime."

"Ngoja nimbebe mtoto kwanza."

Akacheka. "Dada, napima jiko, sipimi familia."

"Humu tunageuka wawili, fundi."

Nikageuka. Akaiona ile miguu, akaacha kucheka, akapima upya.

Sasa sahani ziko juu rafuni, meza inakunjwa ukutani, karai lina kona yake. Leo nimekaanga kwa mikono miwili, jamani. Nilishasahau kwamba ninayo.