Bunduki Iliyopelekwa kwa Mkwe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata ninapoomba niisahau. Leo imenibidi kuisema, kwa sababu mama yako ameniambia umepata kibali cha bunduki ya kuwindia, kwamba triga yake ni ngumu, na kwamba shemeji yako wa Lamadi, yule mchomelea mageti, amekubali kukulainishia. Kaa basi umsikilize shangazi yako. Simu iweke chini kidogo, haitakimbia.

Kaka yangu Masanja hukumkuta. Alikuwa mpole mno, hata akina mama walimtania kwamba ng'ombe akimkanyaga, yeye ndiye atakayeomba radhi. Baba alipozeeka, bunduki ya kuwindia ilihamia kwa Masanja kwa kufuata taratibu zote. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, akitoa ruhusa, alikwenda porini akarudi na kitoweo, na nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi ya watu, yeye ndiye aliyeitwa.

Msimu mmoja triga ikaanza kukwama. Akaipeleka Bariadi mjini kwa fundi bunduki mwenye leseni, nami nikafuatana naye kwa kuwa nilikuwa nakwenda kununua kitambaa. Yule fundi hakuwa na makaribisho kabisa. Kabla hata ya salamu kuisha, alimtaka aonyeshe kwamba bunduki haina risasi, kisha atoe kibali. Akamuuliza imeanza lini kukwama, nani aliifungua mara ya mwisho, anaisafisha na nini. Masanja alijibu huku jasho linamtoka. Mwishowe akaambiwa aiache, na siku ya kuichukua watakwenda wote wawili uwanja wa shabaha kuijaribu, la sivyo haitoki.

Kaka yangu akaona amedharauliwa. Akaichukua bunduki yake, na njia nzima ya kurudi alikuwa amenuna, akisema mtu yule anamhoji kama mwizi wa ng'ombe. Alisema ataipeleka kwa mtu anayemheshimu.

Mtu huyo alikuwa mkwe wake, Mzee Sayi wa Mwamapalala, baba wa Kabula, mke wa Masanja. Usidhani alikuwa mbabaishaji. Majembe ya kukokotwa na ng'ombe, baiskeli, mapanga, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vizima. Bunduki tu ndiyo hakuna aliyewahi kusikia ameitengeneza, na hakuna aliyeuliza.

Unajua kwetu mkwe ni mtu wa namna gani. Humkazii macho, humkatalii, wala humpimi. Naye vilevile, mkwe akimjia na shida, hamrudishi hivi hivi. Nilikuwepo siku hiyo. Masanja alichuchumaa mbali, macho chini, akaeleza haja yake. Mzee aliipokea bunduki akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akamtazama Masanja kwa muda mrefu sana. Masanja hakuinua macho. Mzee akasema haya, iache.

Tulipoifuata, triga ilikuwa laini. Masanja akashukuru, akaifunga kwenye gunia. Kuijaribu mbele ya mkwe kungekuwa sawa na kumwambia kwamba hamwamini, kwa hiyo hakuijaribu pale, wala njiani, wala nyumbani.

Haukupita muda nguruwe pori wakarudi mahindini. Masanja alitoka alfajiri akarudi jua likiwa limeshapanda, mikono mitupu, bunduki ikiwa bado na risasi ndani. Hilo lilikuwa kosa lake, nalisema ingawa ni kaka yangu na nilimpenda. Mama alikuwa uani anaanika mtama. Masanja akashusha kitako cha bunduki chini ili ainame kumwamkia. Triga hakuigusa. Kule kugonga ardhi kulitosha, kwa sababu kile chuma kidogo kinachoizuia isifyatuke kilikuwa kimepigwa tupa hadi kikabaki hakina cha kushikia. Risasi ilimpata Masanja shingoni. Alikuwa ameanza salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na hakuimaliza. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakutaka tena mtoto yeyote amwamkie asubuhi. Tulikuwa tunapita mbele yake kimya.

Msibani Mzee Sayi alikuja, akakaa nje kabisa, kwenye ua wa minyaa, na hakuna aliyempelekea kigoda. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena. Nilimfuata, sikupiga magoti, nikamuuliza kwa nini aliigusa kazi asiyoijua.

Hakukasirika. Alinitazama kwa macho yaliyovimba.

"Mayu," akasema, "mkwe wangu aliniambia nitengenezee. Ningekataaje? Nilikuwa namsubiri aniulize kama nimewahi. Angeniuliza, ningemwambia sijawahi."

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, tukalia wote wawili, mimi na mtu niliyekuja kumtukana. Mzee Sayi hakushika tena tupa hadi anakufa. Kabula alirudi kwao akiwa mjane angali msichana, na watu wa kwao walisema baba na binti walikuwa wanakula sahani moja bila kuzungumza. Swali moja tu lingewaokoa wote.

Basi mwanangu, shemeji yako simchukii, na mageti yake ni mazuri. Lakini bunduki ipeleke kwa fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, hata kama ni safari, hata kama ana mdomo mkali. Itoe risasi kabla hujavuka mlango wako. Akikuhoji sana, jibu na ufurahi, maana anataka kujua anachokishika. Nawe muulize bila haya kama amewahi kutengeneza bunduki ya aina hiyo na alifanya nini. Akichukia kuulizwa, beba mzigo wako. Akisema hajawahi, mshukuru, huyo amekutendea wema. Na usiondoke nayo mpaka mmeijaribu pamoja, mahali panaporuhusiwa, yeye akiwa amesimama karibu yako.

Shemeji yako naye mpigie leo. Usimkaripie, wala usimwambie shangazi amekataa. Muulize tu kama amewahi. Halafu unyamaze, umpe nafasi. Mimi nadhani tangu ulipomwomba hajalala vizuri, na anangoja simu hiyo.

Mungu akulinde porini, mwanangu, akupe kitoweo cha halali. Mkeo asipate kamwe kuletewa habari zako na watu wengine, akusikie mwenyewe ukibisha hodi.