Kiti cha Kisigino

Fundi mapazia hakuwa mcheza kamari, na ukimwita hivyo angekuchoma pini. Alicheza poka, mchezo wa karata, kwenye simu kwa chipsi za bure, vile visarafu vya mchezo visivyonunua hata kiberiti, mezani na watu wasiojuana kwa sura wala kwa majina. Yeye alijiita Mama Pindo. Aliyemzoea zaidi ni Kisigino, mzee fundi viatu, bahili na mtani, aliyeishi peke yake na ugonjwa wake wa sukari. Simu yake aliiweka sauti ya juu kabisa kwa kuwa sikio moja lilikuwa limegoma.

Asubuhi hiyo Kisigino aliandika: "Leo naona ukungu tu. Mikono inatetemeka." Kisha kimya. Zamu yake ikafika, muda ukamwishia, karata zake zikatupwa zenyewe. Ikafika tena, vilevile. Mwanzoni walimtania kwamba amesinzia, lakini utani ulikauka upesi. Fundi aliacha kushona, macho kwenye simu.

"Wifi, mbona umeganda?" aliuliza mke wa kaka yake, aliyekuwa akipiga pasi.

"Kuna mzee ameanguka."

"Wapi?"

"Sijui."

"Mzee gani?"

"Sijui, wifi! Sijui hata jina."

"Makubwa. Yaani unamlilia mtu wa kwenye simu!"

 Akilini fundi alimwona yule mzee sakafuni, katikati ya soli na gundi, mdomo wazi. Aliwaandikia wenye mchezo wamtafute mzee, wakamjibu papo hapo kumshukuru kwa kucheza. Alitamani kuwatukana.

Na chipsi za Kisigino zilikuwa zinaliwa. Kila mchezaji, awepo asiwepo, hukatwa dau la lazima kwa zamu. Zikimwishia, mtambo unamtoa kitini, na simu yake inanyamaza. Lakini akibaki kitini, kila zamu ikimfikia simu ile inalia. Huenda kuna mtu angeisikia.

"Jamani," aliandika, "dau la lazima likiwa la Kisigino, sote tutupe karata, alichukue yeye. Asiishiwe. Simu iendelee kulia."

Jogoo, mwenye majigambo kuliko wote pale mezani, akajibu: "Leo ndiyo nimepata karata za maisha yangu." Halafu akazitupa.

Wakaendelea hivyo. Fundi alibonyeza taratibu, akiogopa kukosea akamnyang'anya mzee chipsi zake. Pazia la mteja lilimharibikia, pindo likaenda upogo, wala hakujali. Wifi yake alisonya, akazima pasi, akavuta kiti, akaelezwa habari za mzee na sukari yake.

"Haya, sasa zamu ya nani?"

Mchana, Kisigino akaweka chipsi zote kwa mpigo. Moyo wa fundi uliruka kwa furaha, kisha ukaganda. Kisigino yule bahili? Huyo hakuwa yeye. Mara maandishi yakatokea:

"Hii kitu inazimwaje? Inapiga kelele toka asubuhi. Mimi mpangaji wa chumba cha pili, nimehamia juzi. Nimekuja kugomba nimemkuta mzee chini. Anapumua kwa shida, nimeshaita gari la wagonjwa."

"Sukari!" wifi alipiga kelele. "Mwambie ana sukari!"

Fundi aliandika haraka, herufi zikipandana. Jibu likachelewa. Wifi alimshika mkono.

"Nimewaambia. Gari la wagonjwa limeshafika, wanambeba. Nyinyi ni ndugu zake?"

Fundi alimtazama wifi yake. "Ndiyo," akaandika.

"Afadhali. Mimi simjui kabisa. Wanataka jina lake waandike. Anaitwa nani?"

Mezani hakuna aliyelijua, hata Jogoo na majigambo yake yote. Walikuwa wamecheka na mzee huyu kila asubuhi, wakajua bei ya soli zake na sikio lake lililogoma, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Fundi aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Sisi tunamwita Kisigino."

Aliituma, akaifunika simu kwa kipande cha pazia kwa aibu, akalia.